Herufi Nene: Fani na Maudhui Katika Mabango ya Mtaani

Kila ndege huruka na ubawa wake, walinena wahenga. Herufi nazo zina mbawa zao, na mimi nilichelewa kuutambua ukweli huo.

Nilizaliwa Kawangware, jijini Nairobi, nikalelewa kwa riziki ya brashi. Marehemu baba alikuwa mchoraji wa mabango ya vinyozi, bucha, hoteli na nasari. Herufi aliyoienzi zaidi ilikuwa nene, ya mviringo, yenye ucheshi, mithili ya andazi lililoumuka. Nilipojiunga na chuo niling'amua kwamba herufi hiyo ina jamaa yake katika kompyuta, iitwayo Cooper Black, iliyobuniwa na Oswald Cooper wa Chicago na kutolewa mwaka 1922. Ndiyo iliyopamba jalada la santuri ya Pet Sounds ya kundi la Beach Boys mwaka 1966.

Baba hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba mikunjo ya mabati huuvunja mstari mwembamba, ilhali ule mnene hustahimili. Kwamba kona za mviringo huficha mtetemeko wa mkono. Na kwamba abiria aliye ndani ya matatu hulitupia bango jicho mara moja tu. Kwa hiyo aliandika neno moja au mawili: KINYOZI, NYAMA CHOMA. Mteja alipomtaka aorodheshe bei zote kwa herufi ile, alikataa. Vitundu vya a na e, alisema, vitaziba, na maandishi yatageuka madoa.

Mwaka 2008, baada ya kutulia kwa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, alinipeleka Kibera. Huko msanii Solomon Muyundo, maarufu kama Solo 7, alikuwa ameandika wito wa amani kutani na vibandani. Herufi zilikuwa kubwa, maneno machache. Baba alisimama kimya mbele ya ukuta mmoja, kisha akaniambia, "Unaona? Hii hata mtu anayekimbia anaisoma."

Alifariki mwaka 2019. Mimi, msomi wa familia, nilikabidhiwa kazi ya kuandaa tangazo la mazishi. Kwa mapenzi nililiandika lote, tangu tanzia hadi ratiba ya ibada, kwa Cooper Black, nikiamini kwamba namuenzi. Mama alilitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akauliza, "kwani baba yako anafungua hoteli?"

Nilitahayari. Darasani nilikuwa nimekariri kwamba fani na maudhui havitenganishwi, nikapata alama nzuri katika mtihani. Lakini siku ile nilikuwa nimeivisha huzuni vazi la sherehe. Herufi ile hufaa kuita, kuuza, kuchangamsha watoto na kulitaja jina. Haifai kueleza kwa kirefu, wala haijui kulia.

Niliketi kuliandika upya kwa herufi nyembamba, za kawaida. Nilipofika kwenye jina la baba, mama alinishika mkono.

"Hilo liache," akasema. "Hivyo ndivyo alivyoliandika mwenyewe, mlangoni petu."

Mpenzi msomaji, tunapohakiki fani vitabuni, tusisahau kuinua macho njiani. Mabango nayo yametungwa, na waliyoyatunga walipima kila neno kwa gharama ya rangi.