Siku Sita Kabiro, Tukitafuta Chuo



Binti yetu alipopata alama za kumwingiza chuo kikuu, furaha nyumbani ilidumu siku tatu. Siku ya nne yakaanza maswali. Alikuwa na mambo mawili asiyotaka kuyaacha: kusomea upimaji wa ardhi, na kutembea milimani.

La kwanza tulilielewa bila kuelezwa. Shamba la marehemu babu yake, huko Kilifi, lilikuwa na mipaka iliyohifadhiwa vichwani mwa wazee: mnazi huu, mbuyu ule, mpaka kwenye shina lililoungua. Leo minazi imeanguka, wazee wametangulia mbele ya haki, na jamaa wa damu moja hawaamkiani. Mtoto amekua akiyasikia magomvi hayo sebuleni, akasema atajifunza kazi ya kuweka mpaka ambao haufi pamoja na mtu.

La pili ndilo lililotutia mashaka. Akiwa sekondari alijiunga na Tuzo ya Rais, mpango ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 1966, ambao vijana hupanda daraja za shaba, fedha na dhahabu kwa kujifunza ufundi, kuhudumia jamii, kufanya mazoezi na kusafiri kwa miguu nyikani. Alirudi kutoka safari yake ya kwanza na malengelenge miguuni na uso uliojaa nuru. Tangu siku hiyo kila asubuhi baada ya Alfajiri yuko ufukweni akitembea kwa kasi, buibui juu ya suruali ya mazoezi. Baadhi ya jamaa walituuliza: mtoto wa kike na milima, wapi na wapi? Tulikuwa hatuna jibu zuri. Tukaamua kwenda kuangalia kwa macho yetu kabla ya dirisha la maombi ya KUCCPS kufungwa.

Tulikuwa wanne: mama yake, mama yake mdogo, kaka yake aliyetusindikiza, na yeye mwenyewe. Baba alibaki Mombasa kazini, akawa anapiga simu kila baada ya Isha. Gari moshi lilitufikisha Syokimau, na kutoka mjini tukapanda matatu ya namba 46 hadi Kawangware, kisha kwa miguu hadi Kabiro, kwa shangazi yake.

Kabiro ni wadi ya Dagoretti Kaskazini, eneo bunge moja na Kilimani na Kileleshwa. Ukitokea upande wa Barabara ya Gitanga utaona jambo la ajabu: kuta ndefu zenye maua juu yake, halafu ghafla kuta zinakwisha na maisha yanamwagika barabarani. Kabeji zimepangwa kama matofali, viatu vya mitumba vimening'inizwa kama samaki wa kukausha, mahindi yanachomwa, mikokoteni inapigania njia na bodaboda. Baridi ya Juni ilituingia mifupani. Shangazi, aliyeishi pale zaidi ya miaka ishirini, alitucheka kwa kuvaa sweta mbili ndani ya nyumba.

Asubuhi ya kwanza binti alitoka na kaka yake kukimbia. Walirudi baada ya dakika ishirini, yeye ameshika mbavu. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, na hewa yake ni nyembamba kwa pafu lililozoea pwani. Lakini hakulalamikia hewa. Alilalamikia mahali. Kabiro haina njia ya kukimbilia ila ile ile inayopitwa na magari, watoto wa shule na matope. Uwanja uliopo ni wa shule, nao jioni hujaa wavulana wa kandanda. Msichana hukimbia akiwa na macho mia mgongoni. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kwamba ukubwa wa chuo si hoja. Hoja ni kama mwanafunzi ataufikia uwanja, saa ngapi, na pamoja na nani.

Siku ya pili shangazi alitupeleka Kibera, kwa rafiki yake wa zamani, mwalimu mstaafu wa Kinubi anayekaa Makina. Kibera wasiyoijua huisema kwa umaskini tu. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Wakoloni waliwakalisha hapo askari wa asili ya Sudan mwanzoni mwa karne iliyopita, na wajukuu wao wakaidai ardhi hiyo kwa vizazi. Hati ya ekari 288 walikabidhiwa mwaka 2017. Bibi huyo alipoelezwa kwamba binti yetu anataka kupima ardhi, alimshika mkono akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulingoja karatasi moja zaidi ya miaka mia. Soma."

Kisha akatugeukia sisi wazazi. Katika maisha yake amewasaidia wanafunzi wengi kujaza fomu, na kosa aliloliona zaidi ni familia kuchagua jina. "Ulizeni Jumanne ya kawaida ikoje," alisema. "Anaamka wapi, anakula nini, anaswali wapi Adhuhuri, jioni anacheza wapi. Siku ya mahafali haiwahusu bado." Tulipotoka tulipitia soko la Toi, hatua chache tu, na binti akanunua viatu vya kupandia mlima vya mtumba, soli nzima, baada ya mabishano marefu ya bei ambayo mama yake mdogo aliyaongoza kwa ustadi.

Kwa siku mbili zilizofuata tukazunguka vyuo na swali la Jumanne. Katika chuo kimoja, ambacho hatutakitaja, kijitabu chenye picha kilionyesha bwawa la kuogelea la samawati. Tuliomba kuliona. Lilikuwa kavu, na ndani yake viti vibovu. Tulipouliza kama kuna saa za wanawake peke yao, ofisa alitutazama kana kwamba tumeuliza habari za mwezini.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilitupendeza zaidi. Kina idara kongwe ya upimaji, ambayo sasa inajumuisha teknolojia ya anga, na kwa ubora wa masomo hatukuona dosari. Misitu nayo haiko mbali: Karura, yenye zaidi ya hekta 1,000, ambayo Wangari Maathai na wenzake waliipigania isigawiwe, na ule wa Ngong. Milima ya Ngong yenyewe, inayofika mita 2,460, huonekana siku isiyo na mawingu. Lakini tulihesabu Jumanne: masomo hadi jioni, foleni ya magari, namba 46, kufika Kabiro Magharibi imekwishaadhiniwa. Milima ingebaki ya kutazamwa dirishani. Shangazi, ambaye angependa sana kukaa naye, ndiye aliyelisema hilo kwanza, na tuliona lilivyomgharimu.

Basi siku ya tano tukaenda Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Ni mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Nairobi. Chuo hiki kina taasisi ya jiomatiki, yaani elimu ya kupima na kuchora uso wa dunia, na ndani ya ardhi yake kuna hifadhi ya wanyamapori. Upande mmoja iko safu ya Aberdare, upande wa pili Mlima Kenya, mita 5,199, ambao asubuhi hiyo ulijifunua kwa muda mfupi kisha ukajifunika. Tuliwakuta wanafunzi wakipima kiwanja kwa ala zilizosimamishwa juu ya miguu mitatu, wawili kati yao wasichana. Binti alisimama nao karibu nusu saa. Hatukumwita.

Sisi tukauliza yetu. Wanafunzi wanaopanda mlima huongozwa na nani? Wasichana hulala wapi wakiwa safarini? Msikiti uko umbali gani? Hijabu viwanjani haikutusumbua tena kama zamani, kwa kuwa FIFA iliruhusu vazi la kichwa mwaka 2014 na mpira wa kikapu wa dunia ukafuata mwaka 2017. Lakini kanuni za dunia ni jambo moja na kocha wa chuo ni jambo jingine, mzazi na aulize. Majibu mengine yaliturdhisha, mengine hapana. Nyeri mjini, mtaa wa Majengo, tuliswali Adhuhuri, na akina mama wa pale walitupa namba ya simu kabla hatujaiomba.

Usiku ule katika chumba cha shangazi kulikuwa na machozi, ya mama zaidi kuliko ya binti. Nyeri ni mbali. Hakuna jamaa. Na bado kulikuwa na suala la ada: mkopo wa HELB hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na baba hataki riba iingie nyumbani. Kwa simu alisema ukoo utachangia mwaka wa kwanza, na yale magomvi ya shamba yasitajwe katika kikao hicho. Kisha akauliza tu, "Yeye mwenyewe anasemaje?" Binti akajibu kwamba akikosa Nyeri atasoma Nairobi kwa moyo mmoja, lakini asingependa kukosa kwa sababu hatukuomba.

Asubuhi tulikwenda kwenye saiba ya Kabiro, chumba chenye kompyuta tatu na kinyozi. Dedan Kimathi tukaiweka ya kwanza, Nairobi ya pili. Kijana wa saiba alituomba tuhakikishe namba ya mtihani mara mbili, tukahakikisha mara nne. Viatu vya Toi tuliviacha kwa shangazi, chini ya kitanda, ndani ya gazeti. Ikiwa ni Nairobi vitakuwa vimekwishafika. Ikiwa ni Nyeri, atavipitia.