Kata, bangili na sanduku la mama

Mtu akitamka jina la Kapalata hapa Kisangani, wengi wanafikiri kwanza kambi ya askari. Si uongo, kambi ni kambi. Lakini sisi tunaokaa huku tunajua pia kelele nyingine, ile ya mashini za kushona za miguu. Inaanza asubuhi mapema na haisimami mpaka mwanga unapokwisha. Chini ya kila mashini kuna kigunia cha vipande, na habari yetu inaanzia katika kigunia hicho.

Fundi akikata libaya na maputa kutoka katika kikwembe cha yadi 6, hawezi kumaliza nguo yote. Chini ya kwapa panabaki pembe, shingoni panabaki duara, pembeni kinabaki kipande chembamba chenye maandishi ya kiwanda. Zamani vipande hivyo viliingia ndani ya mito ya kulalia, au viliwashia moto, na moshi wake ulikuwa mbaya. Siku za kabla ya tarehe 8 Machi, wakati wanawake wa mji mzima wanashonesha kikwembe cha sikukuu yao, vigunia vinajaa mpaka mafundi wanaomba watu waje kuvichukua. Sisi tunakuja.

Tuko watoto wanne wa tumbo moja, wasichana watatu na kijana mmoja. Tunaandika pamoja kwa sababu kazi hii tumeifanya pamoja. Yaya ndiye aliyeshika kalamu. Sisi wengine tumekuwa tukimkatisha maneno.

Vijana wa siku hizi wanaita kazi yetu kwa neno la Kifaransa, resiklaje, wakidhani ililetwa na wageni pamoja na semina na fulana za bure. Tunawaomba wakumbuke kata. Nyanya yetu alitoka kijijini, barabara ya Bafwasende, na hatukumwona hata siku moja akibeba kitu kichwani bila kata. Alichukua kikwembe kilichochoka, akakipasua kwa meno na mikono, akafunga duara la kwanza kwa majani makavu ya ndizi, kisha akazungusha kitambaa juu yake, zunguko juu ya zunguko, kila moja likikalia nusu ya lile lililotangulia. Ncha ya mwisho hakuishona. Aliichomeka chini ya zunguko la kabla yake na kuivuta, na kata ilidumu miaka. Juu yake ilikaa sufuria ya maji, ilikaa beseni ya sombe, ilikaa hata kuni. Kutoka mbali, kwenye njia ya kisima, ulijua nani anakuja kwa rangi ya kata yake, kwa sababu ulikuwa umemjua kikwembe hicho akiwa bado anakivaa kanisani.

Sasa chukua kata hiyo, uipunguze mpaka iingie mkononi. Hiyo ndiyo bangili yetu. Badala ya majani ya ndizi tunaweka pete iliyokatwa katika chupa ya maji ya plastiki, upana wa vidole viwili. Kitambaa tunakikata kwa mshazari, si kwa kufuata uzi, kwa maana kilichokatwa mshazari kinavutika kidogo na hakitoi nyuzi ovyo. Mengine ni mkono wa nyanya. Tofauti ni kwamba ncha tunaishona, kwa sababu wateja wa mjini wanachokonoa.

Herini zinataka subira zaidi. Ndani tunaweka soli ya babushi iliyokwisha, kwa sababu kartoni ikilowa jasho inavimba. Tunakata duara mbili, tunazifunika, tunazishona mgongo kwa mgongo. Ndoano zinatoka katika waya wa shaba wa kamba za umeme zilizokufa. Katika mji ambao umeme unakatika kama wetu, tunaweza kusema angalau waya una kazi. Shanga za kitambaa zinafanywa hivi: unakata kipande chenye umbo la pembetatu ndefu, unakipaka uji mzito wa muhogo, unakiviringisha juu ya njiti ya baiskeli kuanzia upande mpana, ncha ikimalizia katikati. Ukikausha juani siku mbili inakuwa ngumu kama mbegu. Usipokausha vizuri, mende watakuja kula, na tumewahi kupoteza mkufu mzima kwa usiku mmoja.

Kuna pia magunia ya mchele na sukari, yale ya nailoni. Yakifumuliwa yanatoa nyuzi ndefu, nyeupe au za kijani, na hizo ndizo tunazosokota kwa kamba za mikufu. Mikono inayosokota haikujifunza kwa nailoni. Wazee wetu walisokota nyuzi za msituni, na mpaka leo Wagenia wanafunga mitego yao mikubwa kwenye maporomoko kwa kamba za porini, na mafundi wa viti wanatumia kekele. Tunasema ukweli, kamba ya porini ni nzuri kuliko yetu. Lakini kuitafuta kunataka siku nzima na miguu, na gunia liko mlangoni kwa mwenye duka.

Kama habari ingeishia hapo tungeweza kuandika karatasi moja tu na kurudi kazini. Lakini hatukuanza na vigunia vya mafundi. Tulianza na sanduku la mama.

Wakati huo tulikaa komine ya Tshopo. Mama alikuwa na sanduku la chuma, la rangi ya kijani, na ndani yake vikwembe 14 visivyoshonwa. Kwa msomaji ambaye hakulelewa na mwanamke wa hapa tueleze: hilo halikuwa sanduku la nguo. Ilikuwa banki. Wakati wa Zaire, Mobutu alipokataza wanawake suruali, kikwembe kilikuwa vazi la heshima la kila mwanamke, na tangu hapo mama alinunua kila alipouza vizuri. Mtoto akifukuzwa shule, kikwembe kimoja kilitoka. Vingine vilikuwa vya Uholanzi, na hivyo havikuguswa. Vingi vilikuwa vya SOTEXKI, kiwanda chetu cha Kisangani kilichoanza miaka ya 1970, kilichotumia pamba ya jimbo letu. Leo mtoto wa miaka kumi hawezi kuamini kwamba mji huu ulifuma na kuchapa nguo zake wenyewe.

Tarehe 5 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalianza kupigana ndani ya mji wetu, mji ambao haukuwa wa mmoja wao wala wa mwingine. Vita ilidumu siku sita na iliua mamia ya raia. Sisi tulikimbia siku ya pili, tukiwa na sufuria moja na mdogo wetu mgongoni. Sanduku lilikuwa zito, mama akalifunga na kuliacha. Tuliporudi, ukuta wa nyuma haukuwapo na bati zilikuwa zimelala juu ya kitanda. Sanduku lilikuwa mahali pake. Kufuli lilikuwa zima. Mama akafurahi sana, akapiga magoti na kulifungua.

Vipande vya bomu vilikuwa vimepita ndani yake. Hatukujua, na hatujui hata leo, bomu lilikuwa la upande gani. Sasa, wasomaji, kikwembe hukunjwa mara tatu ndipo kiingie sandukuni, na kikikunjwa mara tatu kina tabaka nane. Chuma kimoja kikipita mara moja, unapokikunjua unakuta tundu nane, zimepangana kwa vipimo sawa, kama vile mchapaji wa kiwandani ndiye aliyeziweka. Mama alivikunjua vyote 14 kimoja kimoja juu ya majani. Alihesabu kwa sauti. Hakulia, alihesabu tu. Kimoja tu kilikuwa na tundu nane peke yake. Vingine vilikuwa na ishirini, na hamsini, vingine vilikuwa vimeungua kingo. Hakuna aliyeweza kununua hata kimoja.

Kwa hiyo tulipohamia Kapalata tulihama na banki iliyotobolewa. Mama alikaa karibu mwaka bila kugusa. Halafu siku moja alichukua makasi, akaanza kukata kuzunguka tundu. Vipande vikubwa vilishonwa mifuko. Vidogo, alivyoviona mikononi mwake, vilimkumbusha kata. Bangili ya kwanza ilikuwa ya SOTEXKI ya maua ya bluu, na ilinunuliwa na mwanafunzi wa UNIKIS ambaye hakuuliza kitu. Ada ya shule ya muhula ule ililipwa kwa bangili. Wakati mwingine tulifikiri kwamba sanduku halijabadilika, linaendelea kutoa polepole tu. Mama hakupenda tuseme hivyo.

Aliugua na kufa mwaka 2011. Baada ya matanga alikuja mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja, kutoka Lubunga. Katika ukoo wetu vikwembe vya marehemu vinagawanywa na dada zake. Ndivyo ilivyokuwa kwa nyanya, ndivyo ilivyokuwa kwa nyanya wa nyanya. Alikaa juu ya mkeka, akanyoosha miguu, akauliza:

— Batoto, bikwembe ya dada yangu iko wapi?

Tulileta sanduku. Ndani mlikuwa na kikwembe kimoja kizima, kile cha tundu nane, na mfuko wa mapambo ambayo hayakuwa yameuzwa: bangili, mikufu, herini. Tulimwaga juu ya mkeka. Alitazama kwa muda mrefu.

— Hii ni nini? Ni michezo ya batoto? Mulikata dada yangu, muliuzisha yeye kwa soko?

Tulimweleza habari ya bomu. Aliijua, naye alikuwa amezika mtu katika vita ileile. Lakini kwake jambo la bomu lilikuwa jambo moja, na jambo la makasi lilikuwa jambo lingine. Bomu halikuomba ruhusa, alisema, lakini makasi yana mkono. Aliondoka mikono mitupu, akapanda toleka bila kutuaga, na hakuja kwetu miaka miwili.

Tuseme wazi kwamba hatukukubaliana hata sisi wenyewe. Yaya alidhani mama mkubwa ana haki, kwamba tungemwita kabla ya kukata. Kaka yetu alisema mama alikata mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa hai, na nguo ilikuwa yake. Wote wawili bado wanasema hivyo, na ukipita kwetu jioni unaweza kuwasikia.

Alirudi mwaka 2013, siku ya ndoa ya mdogo wetu. Alipita mbele ya bibi arusi, akashika mkono wake, akasimama. Mkononi palikuwa na bangili ya maua ya bluu. «Hii tulinunua pamoja,» alisema, «mimi na yeye, yangu na yake, siku moja.» Yake ilikuwa imechakaa zamani. Aliomba ile bangili, mbele ya watu wote, na bibi arusi akaivua. Tangu siku hiyo hakuitoa mkononi. Ikichafuka anatuletea, tunazungusha kitambaa kingine chini yake, lakini maua ya bluu tunarudisha juu.

Tarehe 9 Februari 2022 Korti ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamua kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa ajili ya mali, 60 kwa ajili ya utajiri wa asili. Rwanda haikuhukumiwa, kwa sababu mwaka 2006 Korti hiyo ilisema haina uwezo wa kusikiliza mashtaka juu yake. Basi watu wa Kisangani wakaanza kuandika orodha. Kaka yetu aliandika yetu: ukuta, bati 22, vitanda, sanduku, vikwembe 14. Mwandishi aliyepokea karatasi aliuliza bei ya kila kikwembe na risiti zake. Bei gani? Vingine vilinunuliwa kwa zaire, makuta ambayo haipo tena. Baada yake ilikuja zaire mpya mwaka 1993, na franka ya Kongo mwaka 1998. Na mama mwenye kujua alinunua kwa nani alikuwa amekwisha lala. Kaka akasema, risiti yetu ni kikwembe cha tundu nane. Tukiweke safi, tusikikate, siku moja tutakikunjua mbele ya mtu mwenye mamlaka.

Lakini mama mkubwa naye alikuwa na shauri lake. Sasa ni mzee, macho yamepungua, na mwaka jana alituma mtoto kutuita Lubunga. Alisema kikwembe kile kimoja kilichobaki kizima ni haki yake kwa desturi, na hakukidai kwa kukivaa. Alitaka kufungwa nacho siku ya kuzikwa.

Tulirudi nyumbani tukashindana wiki mbili. Kaka alisema kaburi halina haja ya ushahidi. Yaya alisema dosie haina haja ya nguo ya ukoo. Mwishowe tulikitandika juu ya meza ya kukatia, tukakikunja katikati, tundu nne huku na tundu nne huku, na yaya ndiye aliyekata, kwa kufuata uzi safari hii, bila mshazari. Nusu moja iko katika bahasha ya kaka, pamoja na nakala ya orodha. Nusu ya pili tulivuka nayo mto.

Mama mkubwa aliipokea kwa mikono miwili. Aliiinua mpaka dirishani, akaipapasa polepole, akatia kidole katika kila tundu.

— Nne, alisema. Na yenu?

Tukamwambia: nne.