Mashine ya Kukereza Vyuma na Fedha za Mayatima



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu na wanafunzi wetu, wengi wenu mnaopita nyumbani hapa Hai Amarat mmesikia mngurumo uani na mkauliza maalim ameanza lini kazi ya vyuma. Sijaanza. Mwenye kazi ni mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 19 aliyesomea ukerezaji Kampala, na mashine ni mali yake na ya wadogo zake wawili. Sehemu yangu ilikuwa kuitafuta, kuikagua na kuilipia, kwa kuwa fedha aliyoiacha baba yao nilikuwa nimeishika mimi. Nimeona niandike tulivyofanya, maana vijana wengi wanarudi na vyeti vya ufundi, wanataka vifaa, na vipya hawaviwezi. Mzazi anaombwa fedha kwa jambo asilolijua kichwa wala mkia.

Sisi watu wa pwani tunalijua neno kukereza kwa miguu ya vitanda na viti: mbao inazunguka, fundi anaitia patasi, inatoka na viuno na mafundo yake. Ya chuma ni hiyo hiyo, ila kisu kimefungwa kwenye mashine na mkono unazungusha gurudumu tu. Hapa Juba kazi yake ni nyingi. Shafti ya mashine ya kusaga imelika, bushi ya pampu ya kisima imepanuka, puli ya jenereta imevunjika, na mara nyingi dawa ni kuagiza Kampala. Barabara ya Juba hadi Nimule ni kilomita 192, na ingawa imekuwa ya lami tangu mwaka 2012, kisima hakisubiri basi.

Sasa jambo la fedha. Surat An-Nisaa, aya ya 6, inatuagiza tuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, tukiona wana busara tuwakabidhi mali yao, na tuweke mashahidi. Huyu mkubwa amefikia, lakini wadogo zake wana miaka 14 na 11, na fedha ni ya wote watatu. Nikamwambia, "Mwanangu, yako ningekupa leo ukafanya utakalo. Ya wadogo zako siwezi kuinunulia chuma kwa kubahatisha. Nionyeshe utaijuaje mashine nzima na mbovu." Huo ndio ukawa mtihani wake, na mimi nikawa mwanafunzi.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya mtu tunayeswali naye. Simtaji, na wala msijaribu kumkisia. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani, inang'aa kama ya dukani, na bei yake ilitulingana. Mwenyewe akaapa kuwa haina hata ila moja. Kijana hakusema kitu. Akafuta mafuta kwenye kitanda, yaani zile reli mbili ambazo gari la kisu linapita juu yake, akaanza kupitisha ukucha kutoka mwisho wa nyuma kuja mbele. Nyuma ukucha ulipita laini. Karibu na taya ukagonga ukingo. Akaniita, "Ami, weka kidole hapa." Nikaweka, nikausikia mpandio kama wa ngazi ndogo.

Alinieleza hivi: kazi nyingi ni fupi, kwa hiyo gari la kisu linashinda miaka yote karibu na taya, na pale ndipo reli zinapolika, kule nyuma zinabaki kama zilivyotoka kiwandani. Kisha akazikaza skrubu za gari likiwa mbele mpaka likaacha kucheza, akalisukuma nyuma. Likakwama katikati ya safari. Mashine ya namna hiyo ukiikaza kwa kazi fupi haiendi kwenye kazi ndefu, na ukiilegeza kwa kazi ndefu inatetemeka kwenye fupi. Kulirekebisha kunataka kitanda chote kisagwe upya katika karakana kubwa, na hapa petu sijui utaipeleka wapi.

Nikamwomba ndugu yule tuandikiane khiyari ya siku tatu, ambao ndio mwisho wa khiyari ya sharti katika madhhab yetu ya Shafii, ili tuijaribu kwa kukereza. Akakunja uso. "Ustadhi, sisi ni ndugu, huniamini?" Wanafunzi wa darasa la buyuu mnakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji chini, akamuuliza mwenye nacho kwa nini asiuweke juu watu wakauona. Nimekisomesha kisa hicho miaka mingi nikifikiria nafaka. Siku ile nilikiona ndani ya rangi ya kijani. Tukaaga kwa wema, na msikitini tunaendelea kupeana mkono.

Ya pili ilikuwa upande wa Jebel, kwa fundi Mganda, Mkristo, mtu mzima aliyekuwa anafunga karakana arudi kwao. Ni Colchester ya Uingereza, aina inayoitwa Student, yaani mwanafunzi. (Kiwanda hicho kilikuwa na nyingine kubwa zaidi inayoitwa Master. Nilicheka peke yangu. Mwalimu kuja kununua mwanafunzi!) Rangi ilikuwa imebambuka, mafuta meusi kila mahali, na ukiitazama ungesema ni chuma chakavu. Kabla hatujagusa kitu, mzee akasema, "Maalim, ngoja nikuambie magonjwa yake kwanza."

Akayataja. Taya za chaki (si chaki ya ubaoni, ni kile kichwa kinachokamata kazi) zimepanuka midomo, hazishiki sawasawa. Gurudumu la kisu cha upande lina uregevu, unalizungusha kidogo kabla kisu hakijaanza kwenda. Giya ya meno 127 haipo. Na mota ni ya umeme wa waya tatu.

Kijana alisikitikia giya kuliko vyote, nami nikataka kujua kwa nini meno 127 na si 120 au 130. Mashine ile ya zamani ni ya inchi, na skrubu yake ndefu, ile inayovuta gari wakati wa kukata hesi, ni ya inchi pia. Inchi moja ni milimita 25.4. Ukizidisha kwa 5 unapata 127, namba kamili, na ndiyo ndogo kuliko zote zinazounganisha vipimo hivyo viwili bila kubakiza. Bila giya hiyo utakata hesi za inchi vizuri, lakini pikipiki na jenereta zilizojaa Juba ni za milimita. Wazazi mnaosema hesabu za darasani hazina faida, mtizameni huyo.

Ila hazikumkimbiza. Akaikagua kama alivyoikagua ya kwanza, na ukucha ukapita kitandani karibu bila kugonga. Akafunga chuma taya zikiwa zimekikaza, akaweka geji ya saa juu yake, akakiinua kwa wenzo wa mbao ili aone beringi za kichwa zinacheza kiasi gani. Mshale ukasogea milimita 0.02. Akaiwasha kwa kasi kubwa nusu saa, akaweka kiganja juu ya kichwa: vuguvugu, haichomi, na hakuna sauti ya kusaga. Mwisho akafanya jaribio ambalo kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hilo. Alifunga kipande cha chuma cha unene wa milimita 40 kikatokeza sentimita 15 bila kushikizwa nyuma, akakereza pete mbili, moja karibu na taya na nyingine nchani, kwa kisu kile kile bila kukigusa. Akazipima kwa maikromita. Tofauti ilikuwa milimita 0.02. Mashine ikiwa imelika au imepinda, pete hizo hazilingani hata kidogo, na rangi haiwezi kuficha.

Mzee alitaka dola 2,600. Kila ugonjwa alioutaja tuliuwekea bei mbele yake: taya mpya, giya ya kuchongesha, inveta ya umeme. Tukafika dola 2,100. Tukaandika karatasi, ila zote zikaandikwa kwa majina, mashahidi wawili wakatia saini, na wadogo zake walisomewa karatasi hiyo jioni ile. Mdogo kabisa aliuliza kama anaweza kupata sehemu yake kwa baiskeli. Nilimwambia asubiri.

Kuisafirisha sitasimulia sana. Ni zaidi ya nusu tani, na uzito wote uko upande wa kichwa, kwa hiyo hupinduka kwa urahisi. Kichwa cha nyuma kiling'olewa kwanza, ikapandishwa kwa winchi ya mnyororo, na uani ikasukumwa juu ya mapaipu. Lakini hapa kuna jambo wanunuzi hulisahau. Sakafu isipokuwa sawa, kitanda kinajipinda chenyewe kwa uzito wake. Tulimwaga zege, tukaiacha ikauke vizuri, kisha kijana akakaa siku mbili na pima maji akitia vibati vyembamba chini ya miguu. Alipokereza pete zile mbili tena, tofauti ilishuka chini ya milimita 0.01. Sehemu ya kosa lililoonekana Jebel lilikuwa la sakafu.

Umeme nao ulitaka akili. Mtambo wa dizeli ulioanza mwaka 2019 umeleta nafuu mjini, lakini nyumbani mwetu unafika wa waya moja, na ukikatika tuna jenereta ndogo. Mota ni ya farasi 3, yaani kilowati 2.2. Ukiiwasha moja kwa moja inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na jenereta inazima. Inveta inapokea umeme wa nyumbani, inautoa wa waya tatu, na inaiamsha mota polepole. Lakini tazama kibati cha mota kwanza. Kikiandikwa 230/400, nyaya zake zinaweza kufungwa kwa pembetatu zikatumia volti 230 za inveta. Kikiandikwa 400 tu, ni kazi nyingine na gharama nyingine.

Kisha vifaa, na hapa ndipo wengi wanapoishiwa. Mashine bila vifaa ni chungu bila mafiga. Tulinunua taya, chaki ya taya nne kwa kazi zisizo za duara, kishika kekee cha kichwa cha nyuma, ncha inayozunguka ya kushikizia kazi ndefu, venia, maikromita, na grainda ya kunolea. Visu nilidhani tutanunua vile vya ncha ngumu vinavyometameta. Kijana akakataa, akachukua vipande vya chuma cha hai spidi na kuvinoa mwenyewe, kwa sababu cha hai spidi kikichoka unakinoa tena, na cha ncha ngumu kikivunjika umekitupa. Vifaa hivyo na inveta vimekula dola 700 na ushei. Anayepanga fedha ya mashine peke yake ajue hilo kabla hajatia saini.

Kwa usalama nimeweka sheria, na mimi wa kwanza kuzifuata. Hakuna kanzu karibu na mashine ikizunguka, wala kilemba chenye ncha inayoning'inia, wala mikono mirefu. Ufunguo wa chaki hauachwi kwenye chaki hata kwa sekunde, maana mashine ikiwashwa unaruka kama risasi. Miwani machoni. Watoto wa madrasa wanasimama nyuma ya mstari mweupe niliouchora sakafuni, na wakati wa adhana na wa majirani kulala, inazimwa.

Giya ya meno 127 tuliichongesha Kampala, Katwe, ikaja na basi ikiwa imefungwa kwenye gunia la mahindi. Jumatano iliyopita baada ya Alasiri kijana aliifunga, akakata hesi ya milimita kwenye chuma cha boda boda ya jirani, akachukua nati mpya ya dukani akaizungusha kwa vidole viwili. Ikaingia mpaka mwisho bila kukwama. Jirani amelipa, na fedha imeandikwa kwenye daftari, mafungu matatu.

Bado tunatafuta kishikizo cha katikati cha Student kwa shafti ndefu za mashine za kusaga. Anayekijua kilipo, Kampala au Nairobi, anipe habari baada ya swala ya Ijumaa, na aseme ila zake kabla ya bei.

Wassalaamu alaykum.