Benzi la Mkataba, Tope la Kisondela

Leo safu yako haiendi ufukweni wala muzikini. Leo tunapanda mpaka Rungwe, tunafika Tukuyu, halafu tunaiacha lami na kuelekea Kisondela, kwa wajomba zangu. Na kwa kuwa kila kijana wa mjini anaota gari, basi safari yenyewe ni ya gari. Tena si gari lolote bwana! Ni stesheni wagoni la kifahari, lile refu nyuma, viti vya ngozi, ambalo bosi wa Japani alilikodi kwa mkataba, mkataba ukaisha, likapigwa mnada na kuvuka bahari mpaka yadi ya Dar es Salaam.

Utaniuliza, Benzi na Kisondela wapi na wapi? Tulia, utajua.

KISONDELA YENYEWE

Kisondela ni kata ya wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Kama hujawahi kufika pande zile, nakuhurumia. Ukitoka Mbeya, pale Uyole unakata kulia, au kushoto kama unatokea Dar es Salaam, unaanza kupanda. Baridi inakupokea Isongole, unapita Kiwira, na ukikaribia Tukuyu macho yanajaa kijani tupu, chai huku, migomba kule, na mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 3,000 umejifunika shuka la ukungu. Mvua ya huko si ya kuulizia. Kwa mwaka inapita milimita 2,000, na mwezi wa nne ndio usiseme. Ardhi ni ya volkano, ina rutuba ile mbaya, ukichomeka fimbo unaogopa itachipua.

Lakini udongo huohuo unaomlisha mtu ndio unaomwangusha. Ukishaacha lami, mvua ikinyesha, barabara inageuka sabuni. Bodaboda wanatembea miguu chini kama bata. Zile Noah zinazobeba abiria kutoka Tukuyu zinajaza watu mpaka wengine unawatambua kwa viatu tu, na kwenye mlima wenye tope abiria wote wanashuka, wanasukuma, halafu nauli wanalipa ileile!

Huko ndiko anakoishi bibi yangu mzaa mama. Bibi ana matatizo ya presha, na kliniki yake ni hospitali ya wilaya pale Makandana, Tukuyu. Masika fulani alizidiwa saa sita usiku. Noah hakuna, simu za watu wenye magari haziitikiwi. Ikabidi apakiwe kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, Mjomba nyuma kamshika kiunoni ili asidondoke. Walifika, na Bibi alipona. Lakini Mjomba tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu mdomoni: gari.

DEREVA WA MIAKA 31

Mjomba wangu si mshamba wa magari, usije ukamchukulia poa. Amekuwa dereva wa serikali miaka 31. Amewaendesha wakubwa wa kila aina, wengine wanene, wengine wakali, na kote huko kazi yake ilikuwa kuendesha, kungoja na kufungua mlango. Gari la kwake hakuwahi kuwa nalo. Alipostaafu na mafao yake yakatoka, ndugu wakampa ushauri wa kila aina: nunua Probox ubebe ndizi, nunua Noah upige ruti, nunua pikipiki tatu.

Akawajibu, "Nimekaa kwenye viti vizuri miaka 31, vyote vya watu. Sasa nataka changu."

Hapo ndugu wakanuna. Wengine wakasema mzee kachanganyikiwa, mafao yataishia kwenye bati. Mimi sikununa, maana nilimwelewa. Kwa nini mtu wa Kisondela akitaka gari aambiwe tu la kubebea ndizi?

Akapanda basi akaja Dar. Akanipigia simu: "Mwipwa, wewe ni wa mjini, nitembeze kwenye mayadi."

BOSI WA JAPANI HANUNUI, ANAKODI

Kabla hatujaingia yadini, nikupe darasa kidogo, maana wengi tunanunua mitumba ya magari bila kujua inatoka wapi. Wazee watakumbuka kwamba mpaka mwanzoni mwa miaka ya themanini kuingiza gari nchini ilikuwa shughuli pevu. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza na kuruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana, ndipo mlango ukaanza kufunguka. Leo Mjapani ndiye baba yetu wa magari, na sababu moja kubwa ni kwamba wao kama sisi wanapita kushoto, usukani uko kulia.

Sasa huko kwao kampuni nyingi hazinunui magari ya wafanyakazi na mabosi. Zinakodi kwa mkataba wa miaka kadhaa, mitatu mpaka mitano hivi. Katika mikataba mingi anayekodisha ndiye anayeshughulikia bima, ukaguzi na matengenezo. Ukaguzi wao wanauita shaken. Gari dogo jipya linakaguliwa likitimiza miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na gharama yake inauma. Mkataba ukiisha, gari linapelekwa mnadani.

Ndiyo maana muuzaji akikwambia "hili lilikuwa la mkataba" anakuuzia sifa: limetunzwa, limemwagwa oili kwa wakati, lina kumbukumbu. Na sifa hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba neno halina risiti. Kila mtu anaweza kulisema.

YADINI

Tukaingia yadi moja maeneo ya Kinondoni, jina naliweka mfukoni. Magari yamepangwa yanang'aa kama meno ya bi harusi. Na pale mbele, limekaa kwa madaha, Benzi E-Class la wagoni, rangi ya fedha, viti vyeusi vya ngozi. Nakwambia hata mimi mate yalinitoka.

"Shikamoo mzee wangu!" kijana wa yadi akatuwahi.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee una jicho! Hili lilikuwa la bosi, la mkataba. Limetembea kilometa 48,000 tu. Ni kitu na boksi. Milioni 48, kwako tunaongea."

Mjomba hakujibu. Akalizunguka mara mbili. Akaomba boksi la karatasi, akalitandika chini, akalala chali na suti yake ya kustaafia, akaingiza kichwa uvunguni! Watu wakaanza kutuangalia. Alipotoka akapima kwa mkono kutoka ardhini mpaka tumbo la gari. Shubiri haikusimama, ililala.

"Huku nyuma linabebwa na springi za hewa," akasema.

"Ndiyo mzee, raha yake ni kama uko kwenye godoro."

Mjomba akatoa simu, akampigia fundi wake wa Tukuyu, akaweka spika. Fundi akasikiliza, akacheka. "Springi za hewa? Mzee, hapa hewa tunajaza kwenye tairi tu."

Nisieleweke vibaya, msomaji. Wagoni lile ni gari la haja. Mjerumani aliweka zile springi za hewa nyuma ili ukipakia mizigo gari lisiinamishe makalio. Kwenye lami ni raha tupu. Lakini ule mfuko wa hewa ni wa mpira, na ukitoboka fundi wa Kisondela hawezi kuufungia kamba.

Hata hivyo Mjomba bado alikuwa analitamani, nilimwona. Mkono wake haukutoka kwenye kitasa cha mlango. Akasema, "Nipe cheti cha Japani."

Hapa uwe makini. Kila gari linalotoka Japani kihalali lina cheti cha kusafirishwa nje, na mara nyingi kinakuja na tafsiri ya Kiingereza. Humo kuna namba ya chesisi, mwaka wa usajili wa kwanza, na kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kijana akazunguka kidogo, akasema kiko ofisi nyingine, akasema bosi kasafiri. Mjomba akavuta kiti akakaa. Mtu aliyengoja mabosi miaka 31 humuwezi kwa kungoja. Baada ya saa nzima karatasi ikaletwa, ya Kijapani tupu.

Mjomba akavaa miwani, kidole kikashuka taratibu mstari kwa mstari, kikasimama.

"Hapa pameandikwa 112,000."

"Hayo maandishi ya Kijapani mzee wangu, hata sisi hatuyaelewi."

"Namba si Kijapani, mwanangu."

Kimya. Dashibodi ilisema 48,000, cheti cha ukaguzi wa nyuma kilisema 112,000. Gari linakwenda mbele, kilometa zinarudi nyuma, huo ni uchawi gani? Kijana akaanza kushusha bei: milioni 42, 40, 38. Mjomba akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Kama kilometa zimeshuka na bei inashuka hivi, sijui ni nini kingine kimeshuka." Tukaondoka.

Njiani hakusema kitu mpaka Magomeni. Ndipo akasema, "Lilikuwa zuri, mwipwa." Mimi nikaangalia dirishani, maana sikuwa na la kumwambia.

LA PILI

Tulizunguka siku nne. Siku ya tano, kwenye yadi ndogo isiyo hata na bendera, tukaikuta Subaru Outback. Nayo ni wagoni, viti vya ngozi, inavuta kwa magurudumu yote manne, na tumbo lake liko juu ya ardhi kama milimita 200. Mjomba akapima, shubiri ikasimama karibu wima. Mama mwenye yadi hakupiga maneno mengi. Akaleta cheti na karatasi ya mnada.

Karatasi ya mnada ni kitu cha kuidai kama haki yako. Wakaguzi wa mnadani wanalipa gari alama. 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika, herufi R maana yake mara nyingi lilipata ajali likatengenezwa. Kuna na mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde. Hii ilikuwa alama 4, mkwaruzo mlango wa kushoto, na mkwaruzo wenyewe ulikuwepo palepale! Kilometa 91,000 kwenye karatasi, 91,000 na kidogo kwenye dashibodi. Si chache, lakini ni za kweli.

Hesabu nayo tuliipiga. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, bado ushuru wa bidhaa, na gari kuukuu linaongezewa la uchakavu. TRA wana kikokotoo mtandaoni, unaingiza aina na mwaka wa gari, unaona kodi yake, kwa hiyo muuzaji hawezi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Bei ya mwisho ilikuwa milioni 33, kila kitu ndani. Kilichobaki Mjomba akanunua tairi mpya nne za kashata na oili ya giaboksi, maana giaboksi ya gari lile haitaki oili ya kubahatisha.

KUPANDA NYUMBANI

Tuliondoka alfajiri. Mikumi tukapunguza mwendo, maana ukimgonga mnyama kuna faini. Kitonga tukapanda nyuma ya malori kwa adabu. Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole, halafu kijani. Kilometa kama 900. Mjomba aliendesha zote peke yake, hakuniachia usukani hata dakika moja!

Tulipoacha lami mvua ilikuwa inanyesha, si mchezo. Kwenye mlima mkali Noah moja ilikuwa imekwama, abiria wako chini, viatu mkononi. Mjomba akasimama, akaitazama njia kama mtu anayesoma barua, akaweka gia ndogo. Gari likateleza kidogo kulia, likajishika, likapanda. Juu akalisimamisha, akarudi kwa miguu na kamba, tukaisaidia ile Noah nayo ikapanda.

Bibi alitoka nje na kitenge kichwani. "Ugonile?" akaniuliza. "Ndaga, Bibi." Akalizunguka gari kama Mjomba alivyozunguka lile Benzi. Mjomba akamfungulia mlango. Bibi akaingia, akapapasa kiti.

"Ngozi hii ya ng'ombe wa nani?"

Nyumba nzima ikavunjika mbavu. Wale ndugu walionuna ndio walikuwa wa kwanza kupanda kwenda Makandana siku ya kliniki, na wakachagua kiti cha mbele.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, tamaa ya kitu kizuri si dhambi, na si ya watu wa Masaki peke yao. Ila kabla hujapenda rangi, jiulize gari litalala wapi na litapita njia gani kufika huko. Dai cheti, dai karatasi ya mnada, linganisha namba na dashibodi, mpigie fundi wa huko gari linakokwenda, wala si wa yadi. Ukiletewa maneno badala ya karatasi, nyanyuka uende zako hata kama moyo unauma.

Haya, mbalaga zimeiva, naitwa mezani. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!