Wafumaji wa Sweta wa Ggaba

Barabara itokayo Kampala kwenda Ggaba hupita Kabalagala, Kansanga na Bunga, kisha huteremka mpaka ikakomea majini. Mbele yake liko Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, na ng'ambo ya ghuba huonekana vilima vya Mukono. Mgeni ashukaye hapo alfajiri hupokewa na harufu ya samaki na moshi wa kuni, halafu na upepo wa baridi ambao hawautarajii wale wadhanio kwamba nchi iliyo katika ikweta ni joto tupu. Uso wa ziwa hili uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wavuvi warudipo na mashua zao kulipopambazuka huwa wamevaa makoti, na kofia za sufu zimevutwa hadi masikioni.

Ggaba hujulikana kwa mambo mengi: soko lake la samaki na matoke, seminari kuu ya Wakatoliki, na mitambo isukumayo maji kuelekea nyumba za Kampala. Ni wachache waitajao kazi ya kufuma sweta. Hata hivyo, kila muhula wa shule ukaribiapo, vyumba vidogo vilivyo kando ya barabara husikika vikitoa mlio mmoja, krrr kwenda na krrr kurudi, tangu asubuhi mpaka usiku.

Duka moja la namna hiyo lina upana wa mlango wake na hatua mbili zaidi. Ukutani nyuzi zimepangwa kwa rangi: buluu ya bahari, kijani cha chupa, zambarau iliyoiva, kijivu, na nyekundu ambayo kila mama huiogopa kwa kuwa huenda ikachuja. Juu ya kamba zimetundikwa sweta za mfano, kila moja ikiwa na beji ya shule yake. Katikati ya chumba, juu ya meza ndefu, ndipo ilipo mashine.

Mashine yenyewe haihitaji umeme, na hilo ni jambo kubwa. Ni kitanda chembamba cha chuma chenye sindano zipatazo 200 zilizolala sambamba, kila moja ikiwa na kulabu na kilimi kidogo kifungukacho na kufunga. Mfumaji husukuma kigari cha chuma juu ya sindano hizo. Kikipita mara moja, mstari mmoja wa vitanzi umekwisha. Huhesabu mistari, hupunguza vitanzi afikapo kwapani, huongeza uzito chini ili kitambaa kisijikunje. Kifua, mgongo na mikono miwili hutoka kimoja kimoja, halafu huunganishwa kwa sindano ya mkono. Kola ndiyo humjulisha fundi. Sweta lenye kola iliyolegea hurudishwa hata kama kazi nyingine yote ni safi, na mwenye duka huifumua bila kubishana.

Wateja wake si wazazi wa wanafunzi peke yao. Familia za askari huja pia, nao hulijua sweta kuliko watu wengi. Lile lenye viraka vya kitambaa mabegani na viwikoni, ambalo askari wa nchi nyingi huvaa wakati wa baridi, lilipata sifa kwa makomando wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha likaenea katika majeshi na polisi wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Sare ya serikali haifumwi Ggaba, wala haifai kufumwa huko. Lakini watoto wa mvaa sare nao husikia baridi.

Asubuhi moja, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, mke wa polisi alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mama, afande amepata uhamisho. Tunakwenda Kabale."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi. Watoto ni watatu, na hawana hata sweta moja la maana."

Mwenye duka alitazama daftari lake, lililokuwa limejaa maagizo ya wanafunzi. Kabale iko milimani kusini-magharibi, ambako asubuhi nyingine ukungu haujaondoka hata saa tatu. Hakumwambia mama yule kama inawezekana au haiwezekani. Alichukua futi ya kamba akaanza kumpima mkubwa wao.

Kisha yakaja mazungumzo ya uzi, nayo hayawi mafupi. Nyuzi nyingi zinazouzwa sasa ni za akriliki, yaani nyuzi zitengenezwazo viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Nyingine hutoka katika viwanda vya Kenya, vya Eldoret na Ruiru, nyingine nchi za mbali, na wafumaji wadogo hupanda Kikuubo mjini kuzinunua. Akriliki ni nyepesi, haisinyai na hukauka upesi. Adui yake ni pasi ya mkaa, maana ikiguswa na moto mkali hulainika, ikang'aa na kuharibika moja kwa moja. Sufu ya kondoo hutunza joto hata ikiwa na unyevu, lakini ni ghali, na ikifuliwa kwa maji ya moto sweta la baba huwa la mtoto. Pamba, ambayo wakulima wa Uganda wameilima kwa zaidi ya miaka 100 na kiwanda cha Jinja kimeifuma kuwa vitambaa tangu miaka ya 1950, ni nzuri ngozini mwa mtoto mchanga, ila sweta la pamba likilowa hulemea na kunyooka mpaka magotini. Lianikwe limelazwa juu ya kitambaa, lisitundikwe.

Wako wauzaji waitao kila uzi sufu. Mama wa nyumbani aweza kujua ukweli kwa kiberiti: achome ncha ya uzi mmoja mbali na vitu vingine. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka, ikaacha punje nyeusi ngumu, nayo isiguswe kabla ya kupoa. Jambo jingine ni namba ya rangi iliyoandikwa kwenye karatasi ya uzi. Nyuzi zilizotiwa rangi siku mbalimbali hufanana dukani, lakini juani mkono mmoja huonekana tofauti na mwingine. Afadhali kununua uzi wote wa sweta kwa mara moja, na donge moja la akiba.

Maarifa haya si mapya Uganda. Katika miaka ya 1950 vilabu vya akina mama, vilivyosaidiwa na idara ya maendeleo ya jamii, vilifundisha kushona, kufuma na malezi ya watoto, na umoja wa akina mama wa Kanisa la Anglikana ulifanya vivyo hivyo. Kilichokosekana baadaye ni uzi. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 maduka mengi yalibadilika mikono na bidhaa zikaadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Magendo yakashika bei. Yule aliyekuwa na sweta kuukuu alikuwa na uzi, ikiwa alijua kulifumua.

Ujuzi huo wa kufumua ulirudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwezi Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya Uviko-19. Baadhi ya madarasa yalirudi kwa muda, yakafungwa tena Juni 2021, na shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mwaka huohuo wa 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kukaribia kiwango cha mwaka 1964 na kuwatoa watu mwaloni. Kwa mfumaji wa sweta za shule, karibu miaka miwili hiyo ilikuwa kama mvuvi kuambiwa ziwa limefungwa. Sweta zilizokwisha kufumwa, zenye rangi na beji za shule, hazikuweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Na shule zilipofunguliwa, mtoto aliyeagiziwa sweta akiwa na miaka minane alikuwa amekaribia kumi, mikono imetokeza. Beji zilikatwa uzi kwa wembe, mishono ikafunguliwa, nyuzi zikavutwa mstari kwa mstari, zikazungushwa, zikapitishwa kwenye mvuke na kutundikwa na uzito ili zinyooke, kisha zikarudi kwenye mashine kuwa kofia, soksi za vichanga na sweta kubwa zaidi.

Malalamiko ya sasa ni mengine. Shule nyingi huuza sweta zenyewe, zikiwa zimepatana na mfanyabiashara mmoja, na mzazi hana hiari. Mitumba nayo ni rahisi, na mtu asimlaumu mzazi kwa kuinunua. Kwa hiyo wafumaji hujaza siku kwa kazi ndogo: shali za wazee, mavazi ya watoto wachanga, vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa kulabu, kofia za wavuvi. Kofia ya mvuvi hulipwa papo hapo, mara nyingine kwa samaki.

Sweta tatu za Kabale zilifumwa usiku, baada ya kazi za wanafunzi. Mama yule alichagua kijivu, rangi ambayo haionyeshi uchafu na inayoweza kurithiwa na mdogo, wa kiume au wa kike. Mikono ilifanywa mirefu kwa inchi mbili, ikunjwe mwaka huu na ikunjuliwe mwakani. Jioni ya kuchukua mzigo, fundi alipima pia donge la kijivu lililobaki, akalitia ndani ya mfuko pamoja na kipande cha karatasi chenye namba ya rangi.

"Hili ni la nini?"

"La viwiko. Huko uendako hutaipata rangi hii."