Skomer: Kisiwa Ambacho Mgeni Humpisha Ndege

Magharibi ya Wales, mahali ambapo ardhi ya Uingereza inakutana na bahari ya Atlantiki, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Skomer. Eneo lake halifiki kilomita tatu za mraba. Hakina mji, hakina mkahawa, na mti mkubwa ni nadra kuonekana kwa sababu ya upepo wa bahari. Mwaka 1959 kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na idadi ya watu wanaoshuka kwa siku imewekewa mpaka. Wanaoruhusiwa ni takriban 250. Wenyeji wake halisi ni ndege wa baharini. Mwaka 2023 walipohesabiwa ndege aina ya pafini peke yao, walizidi 42,000.

Huenda wengi miongoni mwa wasomaji wetu hawajawahi kumwona pafini, kwa kuwa ni ndege wa bahari za baridi za kaskazini na hafiki katika mwambao wetu. Umbo lake ni dogo kuliko picha zinavyotudhanisha: urefu wake hauzidi sentimita 30, na uzito wake ni gramu 400 hivi, yaani pungufu ya nusu kilo ya sukari. Mgongo wake ni mweusi na kifua ni cheupe, mfano wa mtu aliyevaa joho jeusi juu ya kanzu nyeupe. Miguu yake ni ya rangi ya chungwa. Mdomo wake ni mpana, wenye michirizi ya chungwa, manjano na kijivu. Rangi hizo ni pambo la msimu wa kuzaa tu. Msimu ukiisha, magamba ya nje ya mdomo hudondoka, na ndege huyo hurudi baharini akiwa na sura iliyofifia.

Tulizuru Skomer mwezi wa Juni, familia tatu pamoja na watoto wetu, tukiwa wageni wa jamaa zetu waishio Cardiff. Safari ya gari ilituchukua zaidi ya saa mbili hadi kwenye ghuba ndogo ya Martin's Haven, na kutoka hapo boti huvuka kwa muda wa robo saa hivi. Hata kabla ya boti kutia nanga tuliwaona pafini mamia kwa mamia wakielea juu ya maji, na wengine wakipita juu ya vichwa vyetu wakipiga mbawa kwa haraka isiyoweza kuhesabika kwa jicho. Ukishuka, unapanda ngazi 87 zilizojengwa ubavuni mwa jabali, na juu yake anakungoja mhudumu wa kisiwa ambaye hakuachii uende mpaka amekueleza sharti moja: usitoke nje ya njia, hata kwa hatua moja.

Sababu ya sharti hilo iko chini ya nyasi. Pafini hajengi kiota mtini wala juu ya mwamba. Huchimba shimo ardhini kwa mdomo na kucha, au hukalia shimo lililoachwa na sungura, na ndani yake hutaga yai moja tu kwa mwaka. Dume na jike hupokezana kuliatamia kwa siku 40 hivi, kisha hulisha kinda kwa muda wa wiki sita. Mashimo mengine ni ya ndege wa usiku waitwao shiawota, ambao jozi zao kisiwani humo ni zaidi ya 300,000. Kwa hiyo udongo wa Skomer umetobolewa kila upande, na juu ya tundu huenda pamebaki unene wa kiganja. Mtu mzima akikanyaga hapo, dari la nyumba humwangukia kinda, na wazazi hao hawana jingine kwa mwaka huo.

Mahali penye pafini wengi wa kutazamwa kwa karibu panaitwa The Wick, upande wa kusini. Genge refu jeusi linasimama upande mmoja wa ghuba, na upande wa pili ni mteremko wa nyasi uliojaa mashimo, na njia ya wageni inapita katikati ya mashimo hayo. Pafini hawakutuogopa. Walitembea mbele ya viatu vyetu, wakasimama, wakatugeuzia uso kana kwamba wao ndio waliokuja kutazama. Watoto waliokuwa wakipiga kelele kwenye boti walinyamaza wenyewe bila ya kuambiwa.

Hapo ndipo tuliposhuhudia jambo ambalo limetufanya tuandike makala haya. Pafini mmoja alitua karibu na njia akiwa na samaki wembamba wapatao kumi, wamepangwa kwa kukingama mdomoni. Kaakaa lake lina vimiba, na ulimi wake huwakandamiza samaki hapo, hata aweze kuongeza mwingine bila ya kuwaangusha wa kwanza. Shimo lake lilikuwa upande wa pili wa njia. Lakini njia ilikuwa imezibwa na watu waliopiga magoti bega kwa bega, kila mmoja akiwa ameinua kamera, wote wakishangilia kwa sauti ya chini kuwa wamempata akiwa na samaki. Ndege akasogea kushoto, kamera zikasogea naye. Akarudi kulia, zikamfuata. Mwisho akaruka, akazunguka juu ya ghuba, na shakwe aliyekuwa akivizia pembeni akamfukuza mpaka samaki wote wakadondoka.

Hapakuwa na mtu aliyekusudia ubaya. Hapana aliyetoka nje ya njia wala aliyevunja kanuni iliyoandikwa. Hata hivyo kinda mmoja chini ya ardhi alikosa mlo, na picha nzuri ya mlo huo ikabaki ndani ya kamera. Binti wa miaka tisa katika msafara wetu aliuliza, "Baba, sasa mtoto wake atakula nini?" Baba yake alimjibu kwamba mzazi atarudi tena baharini. Ni kweli, wazazi huleta samaki mara kadhaa kwa siku. Lakini kila safari ni kazi ya kupiga mbizi, ambayo huweza kufika kina cha mita 60.

Muda mfupi baadaye mhudumu alikuja, akawaomba watu kwa upole waachane, pabaki uwazi wa hatua tatu. Haikupita dakika moja. Pafini mwingine alitua, akatazama, akapita mbio kwenye uwazi ule na kutumbukia shimoni mwake. Waislamu tumezoea kufundishana kuwa njia ina haki zake na kwamba mpitaji haudhiwi. Katika The Wick mpitaji ni ndege, na aliyekaa barabarani ni sisi.

Kwa wenye kupenda kupiga picha, tuliyojifunza ni machache na mepesi. Kwanza, simama mahali ambapo huoni shimo mbele wala nyuma yako, kisha tulia. Ndege atakuja mwenyewe, na simu ya kawaida yatosha. Pili, piga goti ukiwa ndani ya njia, ili lenzi iwe sawa na jicho la ndege. Tatu, pima mwanga kwa kifua cheupe, kwa sababu weusi wa mgongo huihadaa kamera na weupe ukaungua. Nne, kwa ndege anayeruka tumia kasi kubwa, kama sehemu 1 ya 2,000 ya sekunde. Tano, ukimwona ana samaki mdomoni, piga picha moja ukiwa umekwisha kumpisha. Usipopata fursa ya kumpisha, iache picha.

Mtu anaweza kusema: ndege ni 42,000, mlo mmoja una uzito gani? Jibu liko nje ya Skomer. Mwaka 2015 pafini aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, kwa sababu makundi mengi ya Ulaya yanapungua. Samaki wadogo wanaomlisha kinda wanaathiriwa na joto la bahari na uvuvi, na ndiyo maana mwaka 2024 Uingereza ilifunga uvuvi wa samaki hao katika maji yote ya Scotland na upande wa Bahari ya Kaskazini ulio chini ya England. Dhoruba za majira ya baridi ya mwaka 2014 ziliua maelfu ya pafini katika fukwe za Atlantiki. Na katika kisiwa cha Lundy, kusini ya hapo, ambacho jina lake la kale lina maana ya kisiwa cha pafini, panya waliofika na meli walikaribia kuwamaliza kabisa. Panya hao waliondolewa, na mwaka 2006 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika. Leo pafini wa Lundy wamezidi elfu moja. Kwa hiyo wageni wa Skomer huambiwa wakague mikoba yao kabla ya kupanda boti, asije panya akavuka nao.

Familia inayokusudia kwenda na iweke nafasi mapema, kati ya Mei na katikati ya Julai. Chukueni chakula na nguo za baridi, kwani huko hakuna duka la vyakula. Vyoo na sehemu ya kupumzikia viko kwenye shamba la zamani katikati ya kisiwa, na kwa kuwa nyasi za pembeni hazikanyagwi, hapo ndipo tuliposwali Adhuhuri, kwa zamu, huku wengine wakiwashika watoto mikono.

Mwishoni mwa Julai mteremko wa The Wick huanza kuwa mtupu. Kinda hutoka shimoni usiku, peke yake, akashuka hadi ukingoni na kuingia baharini ambako hajawahi kufika. Hatakanyaga nchi kavu tena mpaka ipite miaka miwili au mitatu. Akisalimika, wengi wao hurejea kisiwa kile kile walichozaliwa, na hapo atatafuta njia ya kuvuka kwenda shimoni mwake.