Mzinga Hauonekani Kutoka Angani

Kuna ramani moja isiyonitoka akilini. Ni ya msitu wa Mau, kule Kenya, kama unavyoonekana kwenye Global Forest Watch: rangi ya waridi kila mahali miti ilipopotea tangu 2001. Setilaiti imeugawa msitu katika vimraba vya mita 30 kwa 30, na kila kimraba kina jibu moja tu: miti ipo, au imetoweka. Basi. Hakisemi nani aliyekata. Hakisemi hata kama ni msitu wa asili uliofyekwa au miti ya mbao iliyopandwa ikavunwa.

Sasa mpe ramani hiyo mtu anayetafuta wa kulaumiwa. Ataona waridi, ataona Waogiek wanaoishi humo, atajumlisha. Oktoba 2009 walipewa siku 30 wahame, eti kwa ajili ya kuhifadhi msitu. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 majaji wakasema uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa Waogiek. Chanzo kikubwa ni wavamizi wengine, ardhi ya msitu iliyomegwa na serikali kwa makazi, na vibali vya kukata miti. Mwaka 2022 wakaamuru fidia ya shilingi 157,850,000 na ardhi irudishwe kwa hati. Novemba 2023, kule Sasimwani, nyumba zikabomolewa tena.

Ndiyo maana nawasoma kwa makini waandishi wa habari za takwimu. Sisi wapenzi wa riwaya tunajua kuuliza: nani anasimulia, na amemnyamazisha nani? Takwimu nazo zina msimulizi. Mwandishi akiishia kwenye hekta zilizopotea, ametuonyesha maiti bila muuaji, na aliye karibu ndiye atakayekamatwa. Akiweka pembeni safu ya pili, yaani nani aligawiwa ardhi, lini, kwa amri ya nani, waridi ileile inasoma vingine kabisa.

Halafu kuna kisichoingia kwenye safu yoyote. Waogiek hutundika mizinga ya nyuki juu ya miti. Mwenye mzinga anautaka mti usimame, na maua yachanue, kuliko mgeni yeyote mwenye mpango wa kaboni. Lakini mzinga ni mdogo mno kwa kimraba cha mita 30. Kuuona, lazima mtu aende kwa miguu, aulize ni wa nani, kisha aandike jibu.